Dagaa Mmoja, Picha Sitini: Kujifunza Picha za Karibu Ukiwa Mwanza

Nenda mwalo ulio karibu nawe, nunua dagaa wakavu kidogo tu, chagua mmoja ambaye hajakatika kichwa wala mkia, rudi naye nyumbani. Huyo ndiye mwalimu wako wa wiki ya kwanza. Hakimbii, hapeperushwi na upepo ukiwa ndani, hadai hela ya soda, na ana kila kitu kinachomsumbua mpiga picha za karibu: jicho dogo, ngozi inayong'aa kama kioo, na mwili mrefu usiokubali kuonekana vizuri wote kwa mpigo mmoja.

Mimi nilianzia pabaya. Siku ya kwanza kuazima kamera nilipanda boti kwenda kisiwa cha Saanane kumfuata yule mjusi wa mawe, dume lenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu. Nilirudi na picha zaidi ya mia mbili. Mikia ilitoka safi kabisa. Macho, hata moja halikutoka. Nilipokaa kutafuta kosa nikashindwa, maana kila nilipobonyeza nilikuwa nimebadilisha tundu (uwazi wa lenzi unaoingiza mwanga), kasi (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia), ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga huo) na mahali niliposimama, vyote kwa pamoja. Ni sawa na kupika mchuzi ukazidisha chumvi, ndimu na pilipili, halafu ukauliza kilichouharibu ni kipi.

Kwa hiyo humu ndani utaratibu ni huo tu: badili kitu kimoja, vingine viache palepale, piga, tazama, andika. Daftari la shule linatosha.

Hatua ya 1: Pima kamera yako inaona kitu kidogo kiasi gani

Usinunue lenzi ya makro, ile maalumu kwa picha za karibu, bado. Chukua rula ya mwanafunzi, ilaze mezani, vuta lenzi mpaka mwisho (ile iliyokuja na kamera huishia milimita 55), kisha sogea karibu hadi pale fokasi inapokataa. Rudi nyuma kidogo tu, piga. Hesabu milimita zilizoingia kwenye picha kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia.

Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) yenye upana wa milimita 22 hadi 24. Kama picha imebeba milimita 23 za rula, umefikia moja kwa moja, yaani kitu kinaangukia kwenye sensa kikiwa na ukubwa wake halisi. Ikibeba milimita 70, uko kwenye theluthi. Lenzi ya kawaida huishia hapohapo kwenye theluthi, na hapo dagaa wa sentimita sita au saba anajaza fremu. Kwa kuanzia huhitaji zaidi.

Ukitaka kusogea zaidi bila kutoa pesa nyingi, kuna pete za kurefusha zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani, ni uwazi mtupu, kazi yake kuisogeza lenzi mbali na sensa. Hesabu yake nyepesi: urefu wa pete gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, siyo urefu wa kupima kwa rula. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inakupa nusu. Ya milimita 50 inakupa moja kwa moja. Angalia zile za bei ya chini kabisa: nyingi hazina viunganishi vya umeme, kwa hiyo kamera haitaweza kuliongoza tundu la lenzi wala fokasi.

Njia nyingine ni kuigeuza lenzi, mbele ikae nyuma. Lenzi ya zamani ya 50 yenye pete ya tundu juu yake inafaa sana kwa hili, na ukiigeuza inakaribia moja kwa moja. Unaweza kujaribu kwa kuishikilia kwa mkono tu mbele ya kamera, lakini fanyia chumbani. Vumbi la barabara zetu likiingia kwenye sensa utaliona kama madoa kwenye kila picha ya anga utakayopiga mwaka mzima.

Wa simu, nanyi mmo. Simu ikikataa fokasi msiisukume mbele. Rudini nyuma kidogo, kuzeni mara mbili. Kuna na mchezo wa tone la maji: unadondosha tone dogo la maji safi juu ya lenzi ya simu, unaigeuza taratibu itazame chini, tone linaning'inia na kufanya kazi ya kioo cha kukuzia. Picha inakuwa safi katikati na ukungu pembeni. Kama simu yako haivumilii maji, ruka hapa.

Hatua ya 2: Tundu la lenzi, na hapa ukae

Mweke dagaa kwenye sahani karibu na dirisha, kichwa kikiielekea lenzi kwa mshazari. Kamera iweke kwenye stendi. Huna stendi? Mfuko wa mchele wa kilo moja, usiojaa sana, unaipokea kamera vizuri kuliko stendi nyingi za plastiki nilizowahi kushika. Geuza gurudumu la modi kwenye A, au Av kwa wenye Canon: wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi. ISO 200. Washa taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Fokasi kwenye jicho, kisha zima fokasi ya otomatiki ili isihamehame.

Sasa piga f/5.6, f/8, f/11, f/16, f/22. Usiguse kingine.

Namba hizi huwachanganya watu kwa sababu ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Zichukulie kama sehemu: f/8 ni urefu wa lenzi uliogawanywa kwa 8, na f/16 ni uleule uliogawanywa kwa 16. Mkate ukigawiwa watu 16, vipande vinakuwa vidogo.

Fungua picha moja baada ya nyingine, kuza mpaka uone jicho. Kwenye f/5.6 jicho ni kali, lakini kifuniko cha matamvua, ambacho kiko nyuma ya jicho kidogo tu, kimeshaanza kuyeyuka. Kwenye f/8 kifuniko kinarudi. Kwenye f/16 ukali unasogea kuelekea pezi. Halafu f/22: ukitazama juujuu utasema ndiyo bora, kila kitu kinaonekana. Kuza tena. Ile mistari myembamba kwenye jicho iliyokuwa imekatika vizuri kwenye f/8 sasa imelainika, kama mtu amepumulia kioo. Nuru ikipenyezwa kwenye tundu dogo sana husambaa, na hakuna lenzi, hata ya mamilioni, inayolikwepa hilo. Ndiyo maana mimi nakaa f/8 hadi f/11, na f/16 naifikia kwa shida.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema: kadiri unavyokaribia, ndivyo unene wa sehemu kali unavyopungua. Ukifika moja kwa moja, kwenye f/8, sehemu kali haifiki hata milimita moja. Ni unene wa ukucha. Na mwanga nao unapungua; kwenye moja kwa moja sensa inapokea robo tu ya ule ambao ingepokea ukipiga kitu cha mbali kwa namba ileile. Picha ikiwa nyeusi ghafla baada ya kufunga pete, kamera haijaharibika.

Rudia zoezi hili siku tatu, kila siku umgeuze dagaa kidogo. Mfunike usiku. Wa kwangu aliliwa na paka siku ya nne.

Hatua ya 3: Pembe

Rudisha tundu f/5.6, ile iliyokupa sehemu kali nyembamba kuliko zote. Mlaze dagaa ubavu. Panda juu ya stuli, elekeza kamera chini wima, mgongo wa kamera ulale sambamba na sahani. Piga.

Dagaa mzima ni mkali, kichwa hadi mkia. Tundu ni lilelile lililoshindwa kuonyesha jicho na shavu kwa pamoja. Siku hiyo nilicheka peke yangu. Wiki nzima nilikuwa nawaza kukopa kwa ajili ya kamera nyingine, kumbe nilichohitaji ni kupanda stuli.

Sababu yake ni kwamba sehemu kali ni kama karatasi iliyosimama mbele ya kamera, sambamba na sensa. Kitu kikilala juu ya karatasi hiyo, chote kinakuwa kikali. Kikiichoma, kinakuwa kikali pale kinapochoma tu. Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote, jiulize kitu chako kimelala upande gani, kisha wewe ndiye uhame. Bawa la kipepeo, jani la mpapai, gamba la sato, vyote hivyo ni bapa. Lala navyo sambamba.

Sasa shuka. Msogeze dagaa ukingoni mwa meza, teremsha kamera mpaka lenzi iwe usawa wa jicho lake. Angalia nyuma yake. Ulipokuwa juu, nyuma ilikuwa sahani. Sasa nyuma ni ukuta ulio mbali, nao umeyeyuka kuwa rangi moja laini. Sogeza kamera upana wa vidole viwili kulia na nyuma inabadilika kabisa: ndoo ya buluu inaingia, inakuwa duara la buluu. Vidole viwili tena, ni giza la mlangoni. Picha tatu, dagaa yuleyule, tundu lilelile, na mtu anaweza kuapa zimepigwa mahali patatu. Nikienda nje nabeba kanga iliyopauka ya kutundika nyuma ya kitu pakiwa na vurugu.

Hatua ya 4: Jua la Mwanza

Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari ulio mashariki mwa Mwanza, ndiyo maana jua letu linachelewa. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na linakaa utosini karibu saa saba kasoro, siyo saa sita kamili. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita juu yako hasa, kivuli chako unakikanyaga. Kwa picha za karibu saa hizo hazifai: kila kitu kina doa jeupe juu na shimo jeusi chini. Toka mapema, rudi saa tatu. Au anza saa kumi na moja jioni.

Lakini maisha hayakupi asubuhi kila siku, kwa hiyo tengeneza kivuli chako. Kata kiroba cheupe kisicho na maandishi, kitandaze kwenye fremu ya vijiti au waya wa hanga, kishike kati ya jua na kitu chako, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha. Ule mwale mkali unageuka shuka la nuru. Kwenye ngozi ya dagaa utaona tofauti papo hapo: vile vidoa vikali vinavyochoma macho vinapotea, na fedha yake inaonekana fedha. Upande wa pili, wa kivuli, simamisha karatasi ya ndani ya pakiti ya biskuti, ile inayong'aa, irudishe nuru kidogo chini ya kidevu.

Kamera nayo ina tabia ya kudanganyika. Mweke dagaa kwenye sufuria nyeusi, itadhani pana giza, itamwunguza awe mweupe. Punguza mwanga kwa kitufe cha + na −, hadi −1. Mweke kwenye sahani nyeupe, itadhani panawaka, itakupa sahani ya kijivu; ongeza +1.

Kujua mwanga unavyopiga kwa pembe, nenda kwenye mawe. Mji huu umejaa mwalimu huyo bure. Si lazima Bismarck Rock, lile jiwe maarufu la ziwani. Jiwe lolote la nyuma ya nyumba kule Bwiru au Capri Point ni granaiti ileile. Likiwa na jua la ubavuni saa moja na nusu, kila chembe inatupa kivuli chake na jiwe linaonekana kama milima iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Saa sita jiwe hilohilo ni kijivu kitupu. Kwenye granaiti mna chembe bapa za mika, madini yanayong'aa. Zunguka taratibu ukiwa umeishika kamera usoni, na kuna pembe moja ambapo chembe moja itawaka kama kioo cha gari la mbali. Hapo simama. Hatua moja tu na imezimika.

Hatua ya 5: Kasi, ISO na upepo wa ziwa

Niliwahi kuambiwa kwamba ISO ikizidi 100 picha imeharibika, nikalishika kama amri ya dini. Matokeo yake nina ua la magugu maji lililopigwa mara arobaini, yote yametikisika, yote ISO 100. Picha yenye chenga kidogo inatazamika. Iliyotikisika hairekebishiki. Kwa mkono, anzia kasi ya 1/250 ya sekunde, na ISO iende 400, 800, hata 1600 kama kamera yako inabeba. Pandisha hatua moja moja kwa dagaa yuleyule, uone mwenyewe ni wapi chenga zinaanza kukuudhi. Huo ndio mpaka wako, siyo wa jirani.

Upepo una ratiba. Alfajiri na asubuhi mapema hali hutulia. Nchi kavu ikishapata joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na kufikia mchana majani yote yanacheza. Maua basi ni kazi ya asubuhi. Pakiwa na upepo, bana shina kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti, chini ya fremu.

Flashi ya juu ya kamera? Ukiwa karibu sana lenzi yenyewe inaikinga, unapata kivuli cha nusu mwezi chini ya picha. Achana nayo kwa sasa.

Hatua ya 6: Fokasi kwa mwili

Fokasi ya otomatiki kwa ukaribu huu hutangatanga, mbele nyuma, mbele nyuma, mdudu ameshaondoka. Izime. Weka umbali unaoutaka kwenye lenzi, kisha uguse kitu kwa ukali kwa kuinamisha mwili wako mbele polepole. Viwiko vibane mbavuni au viegeme magotini. Toa pumzi. Jicho linapoanza kung'aa kwenye kioo, bonyeza picha tatu au nne mfululizo ukiendelea kusogea. Moja itakubali. Kama ni mnyama au mdudu, ukali uwe kwenye jicho. Vingine vyote vikipotea mtu atasamehe.

Hatua ya 7: Sasa toka nje

Mwaloni kwanza, na kwanza ni salamu. Wale dagaa waliotandazwa juani ni mali na jasho la mtu, siyo mandhari. Niliwahi kuinama tu na kamera nikafukuzwa, tena kwa haki. Safari iliyofuata nilianza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, mama. Naomba kuwapiga picha dagaa wako wachache, kwa karibu."

"Dagaa? Wana nini hao?"

Nilipiga mmoja, nikamwonyesha jicho limejaa kioo chote. Akanyamaza, akaishika kamera kwa mikono miwili, kisha akamwita mwenzake aliyekuwa anageuza wa kwake: "Wifi, njoo uone, kumbe wanatuangalia!" Nikasema wabeja mayu, yaani asante mama kwa Kisukuma, na tangu siku hiyo ndiye anayeniambia lini mzigo mzuri umeingia. Usikanyage nyavu, na kivuli chako kisikae muda mrefu juu ya mzigo wa mtu, anausubiri ukauke.

Magugu maji yana ua zuri kuliko sifa zake: zambarau, na petali ya juu ina doa la njano lililozungukwa na buluu. Fokasi kwenye doa hilo. Lipige ukiwa kwenye gati au jiwe kavu. Usivue viatu kuingia kwenye maji yenye majani, hata kwa dakika mbili: kichocho kipo ziwani humu, na konokono wake wanapenda hasa pale penye maji yaliyotulia na majani, yaani palepale penye picha nzuri. Pengine kuna mamba pia. Waulize wavuvi wa hapo.

Mwisho ndiyo umrudie mjusi wa mawe. Saa mbili asubuhi anapanda kuota jua, na akiwa bado ana baridi si mwepesi wa kukimbia. Tumia lenzi ndefu uliyonayo, 200 au 300, kaa mita moja na nusu au mbili. Modi M (tundu na kasi unaweka mwenyewe), f/8, 1/500, ISO iwe otomatiki. Jua liwe ubavuni mwako, kivuli chako kisimfikie. Kivuli kikimgusa tu, ameshazama ufani. Usimwendee moja kwa moja. Nenda kwa mshazari, kaa chini, tambaa, tulia, piga moja ya akiba, sogea tena. Kifua chako kiguse jiwe ili lenzi iwe usawa wa jicho lake, na nyuma yake pabaki maji ya ziwa tu.

Akianza kupiga zile pushapu zake, usifyatue ovyo. Hesabu mwendo wake: juu, chini, juu. Anapofika juu kabisa, kabla hajashuka, kichwa kinasimama kitambo kidogo. Bonyeza hapo.